Ng'ombe Tuliyempeleka Masoko

Mama yangu jina lake ni Esnath, ila sidhani kama kijijini kwetu Ikuti wapo watu watano wanaolitumia. Kwa wote yeye ni Mama Ambi. Ambi ni kaka yangu mkubwa, Ambindwile. Mimi ni Hosea, wa pili, na baada yangu yuko Nelson, kitinda mimba. Kwa miaka kumi na moja Ambi hakukanyaga nyumbani, na kwa miaka yote hiyo kila aliyepita njiani alimsalimu mama kwa jina la mtoto asiyeonekana. "Ugonile, Mama Ambi." Anaitikia vizuri, halafu anainama kung'oa jani ambalo halimsumbui mtu. Mimi ndiye ninayepalilia migomba yake, ninayechuma chai yake, ninayempeleka hospitali goti likimsumbua. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Wahenga hao hawakupita Ikuti. Kwetu asiyekuwapo ndiye mwenye kiti.

Nisionekane mwenye kijicho tu, ngoja nimweleze mama mwenyewe. Ana miaka sabini na mbili. Ni mfupi, mweusi, ana sauti ya mwanakwaya aliyezoea kuimba kanisani bila kipaza sauti. Alizaliwa Masoko, akaolewa Ikuti na baba yetu, Nsajigwa, na maisha yake mengi ameyapitisha kati ya migomba na soko la Tukuyu, mkungu kichwani, akitembea haraka kuliko sisi wenye miguu mirefu. Mvua ya kwetu haiombi ruhusa, na yeye hajawahi kuikimbia. Kitu kilichoweza kumwangusha chini kilikuwa kimoja tu, kicheko. Mama akicheka sawasawa alikuwa anajiziba mdomo kwa khanga na kukaa chini popote alipo, hata kwenye matope. Na hadithi iliyokuwa inamkalisha chini kila mara ni ya ng'ombe wa Masoko.

Ilikuwa mwaka 2001. Mjomba wake mama alifariki huko Masoko. Kwetu, mwanamume akifiwa ukweni haendi mikono mitupu, anapeleka ng'ombe achinjwe hapo hapo msibani. Asipopeleka, siku hiyo hakuna atakayesema neno. Watalisema kwa miaka ishirini. Sasa baba alikuwa ameanguka akiziba bati linalovuja, mguu umefungwa hogo la plasta mpaka gotini, kwa hiyo akamtuma mama na wanawe watatu. Ambi alikuwa na miaka kumi na saba, mimi kumi na mitatu, Nelson tisa. Gari tuliazimwa, pikapu ya Mzee Maulidi, muuza vitambaa wa Tukuyu. Babu yake alitoka pwani, lakini yeye akikasirika anatukana kwa Kinyakyusa kutushinda sisi wenyewe. Aliendesha mwenyewe, kwa sharti moja tu, kwamba ng'ombe asichafue gari lake. Sharti lilivunjika kabla hatujafika lami.

Mama alikaa mbele. Sisi watatu tulikuwa nyuma na ng'ombe, Ambi ameshika kamba, mimi mkia, Nelson amening'inia kwenye kabini anaimba. Mama alikuwa na hofu kwamba ng'ombe atamrusha mmoja wetu barabarani, kwa hiyo kila baada ya kona kadhaa aligonga kioo cha nyuma cha kabini. Sisi tulijibu kwa kugonga mmoja mmoja, tukifuata umri. Ko, ya Ambi. Ko, ya kwangu. Ko, ya Nelson. Akisikia tatu anatulia mpaka kona nyingine.

Mvua ikatukuta, ukungu ukashuka, na tulipoingia Masoko Mzee Maulidi akamuuliza mpita njia, "Msibani ni wapi?" Yule mtu akanyoosha mkono. Hakuuliza msiba wa nani, na sisi hatukusema. Kumbe siku ile Masoko ilikuwa na misiba miwili.

Kwetu mwanamke haingii msibani akakaa kwanza ndipo alie. Anaanzia barabarani. Mama alishuka kwenye kona, akajifunga khanga kiunoni, akaweka mikono kichwani, akaenda mbio huku anaita, "Mjomba! Mjomba wangu mlefu! Umeniacha na nani?" Mama hana r mdomoni, hajawahi kuwa nayo. Akajitupa mlangoni. Wanawake wa pale wakamwinua, nao wakapandisha kilio juu zaidi. Wanaume wakampokea ng'ombe wetu kwa heshima zote, na mimi, mkia bado uko mkononi, nikaona kisu kinapita. Ndipo mama alipoingizwa ndani kuaga. Ndani ya jeneza alimkuta bibi kizee mmoja, Atuganile, ambaye hajawahi kumwona tangu azaliwe. Wala hakuwa mrefu.

Mama angefanya nini? Ng'ombe wa msiba harudi. Na kilio kilichokwisha kutoka nacho hakirudi. Akamlilia Bibi Atuganile mpaka mwisho, kwa moyo wote, ndipo akamvuta pembeni mtoto wa marehemu, Emmanuel, akamweleza ukweli. Emmanuel alimshika mama mikono yote miwili. Kisha akasema, "Mama, umemlilia mama yangu kuliko dada zangu. Wewe ni wa hapa." Akatupatia paja moja la nyuma, na hivyo ndivyo tulivyoingia kwenye msiba wa mjomba, jioni, tumelowa, tumebeba paja la ng'ombe wetu wenyewe.

Tuliporudi, baba alicheka mpaka hogo likapata ufa. Kuanzia hapo hadithi ikawa ya nyumba. Kila mmoja alikuwa na sehemu yake, na hakuna aliyeruhusiwa kugusa ya mwenzake. Mimi nilikuwa ng'ombe. Nelson alikuwa Mzee Maulidi anayelilia gari lake. Ambi alikuwa mama. Alijifunga kitambaa kiunoni, akatoka nje hadi njiani, akaja mbio mikono kichwani, "Mjomba wangu mlefu!" Alimwiga sauti, alimwiga mbio, alimwiga hata namna anavyochungulia kwa jicho moja kabla ya kujitupa, asije akaangukia jiwe. Mama alikuwa anakaa chini, khanga mdomoni, machozi yanatiririka. Sijawahi kumwona na furaha kama ile, na nasema bila haya kwamba namkumbuka yule mama hata sasa, wakati mama yuko hai na ninakula chakula chake.

Baba alifariki mwaka 2014. Ambi alikuwa dereva wa malori, yuko Kongo, amekwama kwenye foleni ya mpakani, simu haipatikani. Tulimsubiri siku mbili. Siku ya tatu wazee wakasema maiti haisubiri foleni. Alipopata habari, baba alikuwa na siku tisa kaburini.

Lakini siku ile ya mazishi, tukiwa tumekaa, tulisikia kilio barabarani. Mama aliruka, akidhani ni mwanawe. Alikuwa Emmanuel wa Masoko na ndugu zake, wamekuja na ng'ombe. Walisema ng'ombe wetu wa mwaka ule alikuwa hajajibiwa. Basi baba yetu akazikwa na ng'ombe wa watu tuliokutana nao kwa makosa, na mtoto wake wa kwanza hakumtupia hata konzi moja ya udongo. Hiyo ndiyo iliyomfunga Ambi miguu. Mwaka wa kwanza alisema atakuja, aibu ikamzidi. Mwaka wa pili aibu ilikuwa imezaa. Kwetu mtoto asiyemlilia baba yake hatukanwi, anatazamwa tu, na kutazamwa huko hakuna anayekuweza.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba malori yake yanapita Uyole. Kutoka Uyole kuja kwetu ni safari ya asubuhi moja. Mama alikuwa anajua. Madereva walimwambia sokoni, "Tumempita Ambi juzi, Mama Ambi, mzima kabisa." Kila Krismasi Ambi alituma mzigo kwa basi, na ndani haikukosa khanga mpya. Mama hakuivaa hata moja. Zimelala sandukuni, kumi na moja, na nikimuuliza anasema, "Atanivika mwenyewe." Hadithi ya ng'ombe nayo hatukuisimulia tena. Mwaka mmoja Nelson alijaribu kuchukua sehemu ya Ambi, akatoka mpaka njiani na kitambaa kiunoni. Mama alimwambia aingie ndani, chakula kinapoa.

Nelson ana studio Tukuyu mjini, anapiga video za harusi na sendofu. Mwaka huu alikuja na wazo.

"Mama, tunatengeneza muvi," alisema. "Muvi ya kuchekesha. Ng'ombe wa Masoko. Kila mtu anaigiza mwenyewe. Mzee Maulidi kashakubali, na pikapu inawaka."

"Na Ambi?" mama aliuliza.

"Ambi nitamtafutia mtu. Kuna dogo mmoja Tukuyu, anajua kuigiza huyo, hatari."

"Mimi sina mtoto Tukuyu," mama alisema. "Nina mtoto Kyala anajua wapi. Kama Ambi haji, mahali pake pakae wazi."

Kyala ni Mungu. Mama akimtaja, mazungumzo yamekwisha. Nelson akampigia Ambi simu mbele yetu, sauti imefunguliwa, akamwambia siku na mahali. Kule upande wa pili tulisikia injini ya lori tu. Halafu Ambi akasema, "Nitaangalia." Sote Waswahili, tunajua maana ya nitaangalia. Mama akainuka kwenda kulisha kuku waliokuwa wameshalishwa. Nilimkasirikia Ambi siku ile kiasi kwamba nilifyeka shamba lote la juu kabla ya jua kuwaka.

Siku ya kupiga picha tulitoka Ikuti asubuhi. Mngetuona mngecheka. Mzee Maulidi, miaka themanini na moja, miwani imefungwa kwa uzi, ameshika usukani kwa mikono miwili kama anauzuia usikimbie. Mimi nina kitambi, nina watoto watatu, naigiza mtoto wa miaka kumi na mitatu aliyeshika mkia. Nelson ana kipara. Mkewe, Lilian, alikuwa mbele yetu kwenye bodaboda, amekaa kinyumenyume na kamera, anapiga kelele tucheke, tucheke. Ng'ombe wa kuazima alikuwa mpole mno, haonyeshi nia ya kumchafulia mtu gari. Kamba yake tuliifunga kwenye chuma, pale aliposimama Ambi, na pale hakusimama mtu.

Tulipopita mashamba ya chai, mama akagonga kioo. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba zamani alikuwa akifanya hivyo. Tukatazamana, mimi na Nelson, tukisubiri, maana zamu ya kwanza haikuwa yetu. Mwishowe nikagonga ya kwangu, naye ya kwake. Mbili. Mama aligeuka akatazama kupitia kile kioo chenye ukungu, akaitazama kamba. Hakugonga tena mpaka Masoko.

Emmanuel alitupokea kwa heshima. Nyumba ni ile ile, imepigwa rangi tu. Majirani walikuwa wamejaa, wanawake wamefunga khanga viunoni kwa ajili ya kuigiza msiba, watoto juu ya ukuta. Kilichobaki ni kilio. Nelson akampeleka mama kwenye ile kona ya barabara, akamwonyesha kamera ilipo.

"Unaanzia hapa, mama. Mikono kichwani, halafu mbio. Kama siku ile."

Mama akaweka mikono kichwani. Akafungua mdomo. Tukasubiri. Akaishusha mikono.

"Haitoki," alisema.

"Jaribu tena, mama. Ni utani tu."

"Wimbo una maneno yake, Nelson. Kilio kina mtu wake. Nimlilie nani? Mjomba nilimlilia. Baba yenu nilimlilia. Aliyebaki ni mmoja, na yeye hajafa, ni mwiko." Akakaa kwenye majani kando ya barabara. "Na kuchekesha, mimi sijawahi kuchekesha. Aliyekuwa anachekesha ni Ambi. Mimi nilikuwa nalia kweli."

Majirani walianza kunong'ona. Nelson akawa anashughulika na kamera ambayo haikuwa na tatizo. Mimi nikamwinamia mama, nikamwambia turudi nyumbani, muvi si lazima. Nilikuwa nimemshika mkono nilipoisikia.

"Mjomba! Mjomba wangu mlefuuu!"

Ilitoka chini, nyuma ya kona. Ilikuwa sauti ya mama. Ila mama nilikuwa nimemshika mkono.

Akatokea mtu mnene mwenye mvi na koti la dereva, khanga mpya kaifunga kiunoni, mikono kichwani, anakuja mbio za kujikwaa, na nyuma yake mwenye bodaboda anaduwaa na helmeti mkononi. "Umeniacha na nani, mjomba wangu!" Alipokaribia alichungulia kwa jicho moja kama kuna jiwe. Uwanja mzima ukapasuka kwa kicheko. Watoto walianguka kutoka ukutani. Mzee Maulidi alilazimika kuvua miwani. Na mama, mama alikuwa amekaa tayari, kwa hiyo alilala. Alilala kwenye majani, khanga mdomoni, anatetemeka. Miaka kumi na moja. Mimi nilikuwa nimemwandalia kaka yangu maneno ya kumrarua, nimeyanoa kila msimu wa kupalilia, na nikajikuta nacheka kama mpumbavu.

Ambi alitupita, akaingia uwanjani kama inavyotakiwa, akajitupa mlangoni kwa Emmanuel. "Mjomba!" akaita. "Mjomba wangu m..."

Akaweka paji la uso kizingitini. Halafu akasema, "Tata."

Tata ni baba. Haikuwa sauti ya mama tena.

"Tata, nilikuwa kwenye foleni. Tata, sikukuwekea udongo. Nilikuwa napita Uyole, Tata, naiacha kona ya nyumbani, naendelea Tunduma na macho nimeyafumba."

Vicheko vilizimika kimoja kimoja. Wanawake waliokuja kuigiza wakatazamana, halafu mmoja akaanza kulia, na wa pili, na sasa walikuwa wanalia kweli. Nilitaka kumwendea. Emmanuel akanizuia kwa mkono.

"Mwache," alisema. "Hapa mama yako alilia msiba usio wetu, hatukumfukuza. Leteni maji, wekeni mabenchi."

Wakaweka mabenchi. Watu wakakaa. Kwa muda wa saa nzima hivi, baba yangu Nsajigwa, aliyezikwa Ikuti miaka kumi na moja iliyopita, alililiwa kwa mara ya pili, Masoko, kwenye uwanja wa Bibi Atuganile. Nililia na mimi. Sijui nilikuwa namlilia baba au kaka au ile miaka.

Mama aliingia polepole na goti lake, akaketi chini, akakichukua kichwa cha Ambi akakiweka mapajani.

"Umekosea nyumba, baba," alimwambia. "Kama mimi."

"Nyumbani nisingeweza, mama," Ambi alisema. "Wangenitazama."

"Wangekutazama," mama alikubali. Hakumdanganya. Alimfungua ile khanga kiunoni, akaikung'uta majani, akajifunga yeye.

Tulirudi wote na pikapu. Emmanuel alikataa katakata tuondoke bila ndizi, akatupakilia mikungu miwili kando ya ng'ombe. Ambi alitwambia lori lake liko Uyole na bosi amempa siku mbili, leo na kesho. Nikataka kusema siku mbili si kitu kwa miaka kumi na moja. Nilimtazama, mvi zile, vidole vyenye grisi vimeishika kamba pale pale pa zamani, nikakaa na maneno yangu. Kesho atakwenda kaburini, na watu watamtazama, na mimi nitasimama kando yake. Kesho kutwa atakuwa Tunduma. Nelson aliuliza muvi tutaimalizaje, maana kilio alichokirekodi hakichekeshi na hakikatiki.

Baada ya Tukuyu mvua ikaanza. Mama, mbele, akagonga kioo.

Ambi hakuelewa mara moja. Kisha nikaona mkono wake unaiachia kamba, unainuka, unabaki hewani kidogo.

Ko.

Nikagonga ya kwangu. Nelson ya kwake. Mama hakugeuka, lakini nilimwona mabega yakishuka, kama mtu aliyetua mkungu. Kona inayofuata ilikuwa bado mbali alipogonga tena. Tukajibu tatu. Akagonga tena. Tukajibu. Kupitia kioo tulimsikia Mzee Maulidi analalamika.

"Shemeji, taratibu! Kioo cha mwaka themanini na nane hicho, kitapasuka!"

"Kipasuke," mama alisema, akagonga.